Kuunda Bawa la Ndege ya Mfano kwa Mti wa Balsa

Katika nchi nyingi wako watu, wazee kwa vijana, ambao saa zao za mapumziko huzitumia kuunda ndege ndogo za mfano. Ndege hizo si sanamu za kuwekwa juu ya kabati. Huruka kweli, nyingine kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, nyingine kwa mashine ndogo, na nyingine kwa kuteleza tu juu ya hewa kama mwewe. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani kwamba sehemu iliyo ngumu ni mashine. Sivyo. Sehemu iliyo ngumu ni bawa. Kiwiliwili chaweza kuwa kijiti kitupu, na ndege ikaruka. Lakini bawa likipotoka kwa unene wa sarafu moja tu, ndege itazunguka na kuanguka, na kazi ya majuma mengi itageuka kuwa vijiti na karatasi.

Makala haya yaeleza jinsi bawa la urefu wa mita moja, kutoka ncha hadi ncha, linavyoundwa, pamoja na sababu ya kila hatua. Maana anayeijua sababu hana haja ya kuambiwa mara mbili. Bawa hili ni la ndege isiyo na mashine, na upana wake kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 12.

MTI WENYEWE

Balsa ni mti wa nchi za joto za Amerika, tangu Meksiko ya kusini hadi Bolivia, na sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa duniani hutoka Ecuador. Jina lake ni la Kispania, na maana yake ni chelezo, kwa kuwa watu wa pwani zile waliunda vyelezo kwa magogo yake tangu zamani. Tarehe 28 Aprili 1947, Mnorwe mmoja, Thor Heyerdahl, pamoja na wenzake watano, waliondoka Callao katika Peru juu ya chelezo cha magogo tisa ya balsa, kilichoitwa Kon-Tiki. Baada ya siku 101 baharini walifika katika kisiwa cha Raroia, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kwetu Kenya, mtu aliyewahi kuviona vyombo vidogo vya Wailchamus wa Ziwa Baringo, vinavyotengenezwa kwa miti ya ambachi, anaweza kukisia wepesi wa balsa, ingawa miti hii miwili si ya jamii moja.

Mti wa balsa hukua upesi sana, na baada ya miaka michache tu tangu kupandwa huwa tayari kukatwa. Ukiwa hai umejaa maji. Mbao zikiisha kukaushwa, maji hutoka na kuacha vyumba vidogo vidogo vyenye kuta nyembamba, mfano wa sega la nyuki lisilo na asali. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1000, na ya mvule hupita kilo 600. Lakini ya balsa inayotumiwa kwa ndege za mfano mara nyingi huwa kati ya kilo 100 na 200.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza la kukumbuka. Kati ya kilo 100 na kilo 200 pana tofauti ya mara mbili, na mbao hizo mbili zaweza kukaa pamoja dukani, zenye rangi moja na bei moja. Macho hayatoshi kuzipambanua. Yapasa zipimwe.

KUCHAGUA MBAO

Mizani ya kupimia barua, ile inayotumika maofisini, yafaa sana kwa kazi hii. Tuseme ubao una unene wa milimita 1.5, upana wa milimita 75 na urefu wa mita moja. Ukiwa mwepesi utapima gramu 11 hivi. Ukiwa mzito utapima gramu 22 au zaidi. Fundi mwenye busara hautupi ule mzito, wala hausifu mwepesi kwa kila jambo. Kila mmoja una kazi yake. Mwepesi ni wa mbavu, ambazo kazi yake kubwa ni kulipa bawa umbo. Mzito ni wa boriti, ambazo hubeba mzigo wote wa ndege.

Tena atazame jinsi ubao ulivyopasuliwa. Ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo huonyesha madoadoa yanayong'aa, na ukijaribu kuukunja kwa upana utakataa na kuvunjika. Huo ndio wa mbavu, kwa sababu haugeuki umbo. Ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa gome huinama kwa urahisi. Huo ni wa kufunika mahali palipo mviringo, na mbavu zikikatwa kwake zitapinda.

Jambo la tatu ni usawa. Boriti ya upande wa kulia na ile ya kushoto zitoke katika ubao mmoja, au zipimwe hadi zilingane. Bawa lenye upande mmoja mzito hulalia upande huo daima, na hakuna dawa ila kuongeza uzito upande wa pili, yaani kulipa deni kwa kukopa.

Mbao zitumiwe bila kupotezwa. Balsa haitakiwi na waundaji wa ndege ndogo peke yao. Hutiwa pia ndani ya mapanga makubwa ya mashine zinazozalisha umeme kwa nguvu ya upepo. Mnamo mwaka 2019 na 2020 mahitaji hayo yalipanda ghafula, bei ikapanda nayo, na watu wakaingia katika kingo za mito ya Amazon ya Ecuador kukata miti kiholela, hata wenyeji wa misitu ile wakalalamika. Kipande kinachotupwa kwa uzembe kimetoka mbali.

MIFUPA YA BAWA

Bawa lina mifupa kama kiumbe. Mbele pana ukingo wa mbele, kijiti cha milimita 6 kwa 6, ambacho baadaye huviringwa kwa msasa. Nyuma pana ukingo wa nyuma, ubao mwembamba wa upana wa milimita 15, uliochongwa hata ukawa kama makali ya kisu. Kati ya kingo hizo mbili husimama mbavu, moja kila baada ya sentimita 5. Yaani mbavu 11 kwa kila nusu, na 22 kwa bawa zima. Mbavu hizo zote zikikatwa katika ubao mwepesi, uzito wake kwa pamoja ni gramu 3 hivi.

Mbavu zimepinda kwa juu, na mpindo huo si pambo. Ndio unaoisukuma hewa chini, na hewa nayo ikaliinua bawa. Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, walipoona kwamba ndege zao za kwanza hazikuinuka kama hesabu za vitabu zilivyoahidi, hawakukata tamaa wala hawakubahatisha. Mwaka 1901, mjini Dayton, walitengeneza sanduku lenye kupitisha upepo, wakajaribu ndani yake mabawa madogo ya mfano yapatayo 200, kila moja na mpindo wake. Ndege yao iliruka na mtu tarehe 17 Desemba 1903. Basi bawa dogo la mfano lilitangulia, na kubwa likafuata.

Kwa kuwa mpindo una thamani hiyo, mbavu zote zapasa kufanana kabisa. Njia iliyo bora ni kukata vigezo viwili vya plaiwudi, kuviweka huku na huku, na katikati kupanga vipande vyote 22 vya balsa. Fungu zima hukazwa kwa parafujo mbili, kisha huchongwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa mpaka balsa iwe sawasawa na vigezo. Nafasi za kuingizia boriti hukatwa wakati huo huo. Fungu likifunguliwa, mbavu hutoka kama watoto wa tumbo moja.

Sasa tuzitazame boriti. Kila seremala ajua kwamba ubao wa paa ukilazwa bapa hulegea, na ukisimamishwa kwa ubavu hukaza. Ubao wenye upana mara mbili ya unene wake, ukisimamishwa, hustahimili kupindika mara nne zaidi kuliko ukilazwa, ingawa mti ni ule ule na uzito ni ule ule. Waundaji wa ndege hutumia siri hiyo na kuzidi hapo. Bawa linapobeba ndege, ncha zake huinuliwa juu, nyuzi za upande wa juu hubanwa, na nyuzi za upande wa chini huvutwa. Nyuzi za katikati hufanya kazi ndogo sana. Kwa hiyo fundi huweka kijiti kimoja cha milimita 3 kwa 5 katika mgongo wa mbavu, na cha pili kama hicho tumboni mwake, na katikati huziba kwa vipande vyembamba vya balsa ambavyo nyuzi zake zasimama wima. Amepata boriti ndefu ya kimo, ambayo moyo wake umeondolewa. Wepesi wa bawa hautokani na wepesi wa mti peke yake. Watokana pia na kuweka mti pale tu palipo na kazi.

KAZI JUU YA UBAO

Bawa hunyooka au hupotoka juu ya ubao wa kazi, wala si angani. Ubao huo na uwe laini, wa kuingia pini, na uwe umenyooka kweli. Fundi auhakikishe kwa rula ya chuma, kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe. Bawa litaiga kila kosa la ubao uliolizaa.

Mchoro wa bawa, wenye ukubwa kamili, hutandazwa juu ya ubao, na juu yake karatasi ya nta au plastiki nyembamba, ili gundi isishike mchoro. Kijiti cha chini cha boriti hupigiliwa kwanza kwa pini za pembeni, zisizokipenya, kwa maana pini inayopita katikati ya kijiti chembamba huacha jeraha la kuvunjikia. Ukingo wa nyuma hufuata. Kisha mbavu husimamishwa mojamoja, kila moja ikipimwa kwa guni ili isimame wima. Mbavu ya kwanza, ile ya katikati ya ndege, haisimami wima. Upande wake wa juu hulazwa kidogo kuelekea ncha ya bawa, kwa sababu tutakayoiona punde. Mwisho huingizwa ukingo wa mbele na kijiti cha juu.

Nusu ya pili huundwa juu ya mchoro uliogeuzwa. Ikiwa mchoro umechapwa upande mmoja tu, karatasi ipakwe mafuta kidogo ya kupikia, na mistari itaonekana kwa nyuma. Wako waliosahau jambo hili, wakajikuta wana mabawa mawili mazuri, yote ya kulia.

Juu ya gundi, tuseme maneno machache. Gundi nyeupe ya maseremala yatosha. Hukauka polepole na kumpa fundi nafasi ya kurekebisha. Gundi ya papo hapo hushika upesi, lakini haisamehe. Iwayo yote, itiwe kidogo. Gundi nyingi ni uzito mtupu, na haizibi pengo kati ya vipande viwili visivyokutana vizuri. Vipande vikutane kwanza vikiwa vikavu, ndipo gundi ije.

Hili si la mchezo tu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza waliunda ndege ya vita iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Aluminiamu ilikuwa adimu, lakini maseremala wa viti na meza walikuwako. Hivyo kiwiliwili chake kiliundwa kwa balsa iliyowekwa kati ya plaiwudi mbili za mti wa betula, yote kwa gundi. Ilikuwa miongoni mwa ndege zenye mbio kuliko zote za wakati wake. Lakini mwaka 1944, wakati askari wa Afrika Mashariki walipokuwa wakipigana Burma, Mosquito kadhaa zilivunjika mabawa angani katika upande huo wa vita, na marubani wakafa. Zilipokaguliwa nyingine, palionekana maungio yaliyoachana. Wengine walilaumu joto na mvua za masika, wengine walilaumu kazi ya kiwandani. Vyovyote vile, hewa iliyapata mahali ambapo mti na mti havikushikana.

KUUNGA NUSU MBILI

Ndege ya mfano isiyo na rubani yapasa ijirudishe yenyewe inapoegemea upande. Kwa ajili hiyo mabawa yake hayalazwi sawa. Huinuliwa ncha, yakafanya umbo la herufi V iliyofunguka sana. Ndege ikiegemea, huanza kuteleza upande ule. Bawa lililo chini hulipokea pepo kwa nguvu zaidi, nalo huinuka, ndege ikarudi sawa. Mfaransa Alphonse Pénaud alionyesha jambo la namna hii mjini Paris mwaka 1871, kwa ndege ndogo ya mpira uliosokotwa, iliyoruka sekunde 11 bila mkono wa mtu kuiongoza.

Katika bawa letu kila ncha huinuka sentimita 6. Fundi huilaza nusu moja juu ya ubao, na ncha ya nusu ya pili huitegemeza juu ya kigogo cha sentimita 12. Ndiyo maana zile mbavu mbili za katikati zililazwa kidogo: sasa zakutana uso kwa uso. Kati ya boriti hutiwa kipande cha plaiwudi cha urefu wa sentimita 10, kilichokatwa kwa pembe ile ile. Hapo tusifanye ubahili. Tawi la mwembe lenye matunda huvunjikia shinani, wala si nchani. Na bawa pia huelemewa zaidi katikati.

KUVIKA KARATASI

Mifupa ikiisha kusuguliwa kwa msasa laini, huvikwa karatasi nyembamba ya shashi. Karatasi nayo ina nyuzi, na nyuzi zake zifuate urefu wa bawa. Huanzwa upande wa chini, kisha wa juu, kwa gundi nyepesi ya kupakwa kwenye kingo. Wala isivutwe kwa nguvu. Itoshe kutokuwa na mikunjo mikubwa.

Kisha hunyunyiziwa maji kama ukungu. Karatasi hulegea, halafu inapokauka hujikaza hata ikalia kama ngoma. Huu ndio wakati wa hatari kuliko wakati wote. Karatasi inayojikaza ina nguvu ya kutosha kuipotosha mifupa, na bawa lililokuwa sawa jioni laweza kuonekana asubuhi limesokotwa. Kwa hiyo bawa lenye maji lirudishwe juu ya ubao, nusu baada ya nusu, lishikwe kwa pini na vibao, na liachwe usiku kucha. Wakati huo huo ukingo wa nyuma penye ncha huinuliwa milimita 3 kwa kijiti, sawa pande zote mbili, ili ncha zisipoteze nguvu kabla ya katikati ndege inapokwenda polepole. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Na bawa nalo ni hivyo, maana likikauka limekwisha kuamua umbo lake.

Baadaye hupakwa vanishi ya ndege, iitwayo dopu, iliyozimuliwa, mikono miwili, ili karatasi isinywe unyevu. Dopu hushika moto upesi na mvuke wake hulevya. Kazi ifanywe penye hewa, mbali na taa ya moto na jiko, na mbali na watoto.

KUJARIBU

Kabla ya kurusha, bawa litazamwe kwa nyuma kwenye mwanga, macho yakiwa sawa na ukingo wa nyuma. Likionekana limepotoka, lipitishwe juu ya mvuke wa birika, lisokotwe kidogo kuelekea upande wa pili, na kushikwa hivyo mpaka lipoe. Kisha ndege nzima iegemezwe juu ya vidole viwili, chini ya bawa, sentimita 4 kutoka ukingo wa mbele. Ikilala sawa, imepata kituo chake. Ikiinamisha mkia, iongezwe risasi kidogo puani.

Jaribio la kwanza hufanywa jioni upepo unapotulia, mahali penye majani marefu. Ndege husukumwa mbele taratibu, pua ikielekea chini kidogo, wala hairushwi kama jiwe. Ikiinua pua, ikasimama, kisha ikaanguka, pua ni nyepesi. Ikishuka moja kwa moja kama kunguru aliyeona chakula, pua ni nzito. Ikigeukia upande mmoja kila mara, asilaumu upepo. Alitazame bawa tena kwenye mwanga. Na ikiteleza hatua thelathini, ikashuka juu ya majani bila kelele, basi zile pini, ile mizani ya barua, na ule usiku mmoja wa kungoja vimekwisha kulipa gharama zake.